Sekunde Arobaini

Kazi yangu si msumeno.
Msumeno ni wa Aminieli, na kamba ni za Shafii
ambaye hupanda kabla jua halijapanda,
viatu vinaning'inia shingoni, hasemi na mtu.
Mimi nashika simu.
Nilinyooshewa kidole: "Hapo. Usisogee hata ukibanwa na haja."
Nami husimama hapo, gumba juu ya nukta nyekundu.

Juzi ilikuwa Shanty Town, nyuma ya ua wa michongoma:
mringaringa uliopasua shimo la maji machafu,
ukainua sakafu ya jikoni kama kifuniko cha sufuria.
Kibali cha Manispaa kilikunjwa mara nne
mfukoni mwa Aminieli, mhuri umelowa jasho.

Watu wanajua sekunde kumi na moja tu.
Ufa, "Tokaaa!", kishindo, vumbi,
kisha Aminieli anakanyaga gogo
na kutabasamu kama bwana harusi.
Hizo ndizo nilizorusha, wakazisambaza
toka Himo hadi Mererani, hadi kwa shemeji yangu Muscat
aliyepiga simu usiku kuuliza:
huyo aliyekimbia akaacha ndala moja ni nani?
Ni mimi. Sikumwambia.

Saa saba hawazijui.
Hawajui Shafii alivyoushusha tawi kwa tawi
kama mtu anayemvua mgonjwa shati,
wala kabari iliyokwama, wala petroli iliyoisha,
wala chai ya rangi tuliyokunywa
na unga wa mbao ukielea juu yake mithili ya iliki.
Hawajui kamba ilipoteleza,
Shafii akabembea hewani pumzi kumi, miguu ikitafuta mti,
nami sikuzima simu.
Hicho kipande nimekifuta.
Tulikijua wawili. Sasa na wewe.

Maana hata mimi ni mkataji.
Usiku, kitandani, natumia kidole:
nakata mwanzo, nakata mwisho,
napogoa kikohozi, mbwa wa jirani, mtoto anayelia,
hadi libaki anguko peke yake,
anguko lisilo na mizizi.

Siku ya tatu akapiga Bibi Ndekusara, mwenye nyumba.
Nikajua ni lile bati la banda la kuku tulilolibonyeza.
"Kijana wa simu," akasema, "mjukuu amenionyesha.
Mbona mmeufupisha?"
Bibi, nikamwambia, watu hawana muda.
"Mimi ninao.
Nitafutie pale kabla. Nilikuona dirishani,
ulisimama kitambo, simu juu,
mti ukiwa bado mti."

Nikafungua pipa la taka la simu.
Zilibaki siku mbili kipotee kabisa.
Sekunde arobaini.
Hakuna kinachotokea.
Upepo wa mlimani unageuza majani,
upande huu kijani, upande huu kijivu.
Maua meupe, manne, matano,
yanadondoka kwenye karai lililosahauliwa.
Nyuki mmoja yuko kazini, hana habari.
Nje ya picha Aminieli anauliza, "Niwashe?"
na sauti, ambayo sikuitambua mara moja, inajibu,
"Ngoja kidogo."

Nikamtumia. Kikala bando lote.
Tiki mbili, zikageuka buluu.
Hakujibu.
Nikakiangalia tena, nitafute alichokitaka,
na safari hii sikuruka mbele.

Kesho ni Majengo,
mwarobaini uliolalia waya za umeme.
Nitatangulia kufika. Nitabonyeza nukta
kabla Shafii hajavua viatu.
Aminieli akiuliza narekodi nini,
nitasema najaribu betri.