Deni la Kilomita Ishirini na Nne

Daftari la kwanza lina jalada la kijani,
limelowa mafuta ya mnyororo pembeni.
Juu nimeandika mwaka, 1987,
chini yake safu nne zilizopigwa kwa rula:
tarehe, umbali, upepo, pancha.
Sikuacha nafasi ya furaha.
Nilidhani itajipenyeza yenyewe.

Huku Friesland hatuna mlima hata wa kusingizia.
Upepo ndio mlima wetu, na mlima huu una miguu:
asubuhi unakusukuma mgongoni mpaka Stavoren,
unajiona bingwa;
jioni umeshazunguka, unakungoja kwenye tuta la bahari,
unadai ulichokula.

Jelmer, mtoto wa kaka yangu, amenifungia kimashine
kwenye usukani, kidogo kama kibiriti.
Kinajua mapigo ya moyo wangu,
kinajua niliposhika breki, nilipozubaa,
kinaichora njia yangu kwa uzi mwekundu.
Jumanne Jelmer akakisoma, akacheka:
"Shangazi, hapa Warns ulilala?
Dakika kumi na tisa, mwendo sifuri."

Sikulala. Kulikuwa na kondoo chali malishoni,
miguu juu kama meza iliyopinduliwa,
sufu imemlemea, hawezi kujigeuza.
Niliruka mtaro, nikamsukuma kwa goti,
nikamshikilia wima mpaka damu imrudie miguuni.
Wastani wangu ukashuka.
Kondoo akaenda zake bila asante.
Daftarini, kwenye safu ya pancha, nikaandika:
kondoo, mmoja.

Nami si malaika.
Mara ngapi nimefika mlangoni na arobaini na tisa nukta sita,
nikalizunguka kanisa la Koudum, nikalizunguka tena,
majirani wakichungulia nyuma ya pazia,
ili tu hamsini itimie?
Hilo si kosa. Hizo nilizikanyaga.

Lakini upo ukurasa wa Septemba 1996.
Pameandikwa themanini na sita.
Nilikwenda sitini na mbili.

Kila mkesha wa mwaka mpya mimi na Gerbrich
tulifungua madaftari yetu kando ya sahani ya maandazi,
tukajumlisha kwa sauti. Aliyeshindwa hununua tairi.
Mwaka ule nilimpita kwa kilomita tisa.
Tairi lake nililivaa, likanizungukia chini
msimu mzima, likinisuta.

Siku hizi Gerbrich ana goti la chuma
na baiskeli yake inaning'inia ghalani kama nyama kavu.
Jumapili nilimpelekea daftari. Nikasema.
Akakoroga kahawa.
"Najua," akasema. "Wiki ile daraja la Galamadammen
lilikuwa limeinuliwa, linapakwa rangi.
Njia uliyoiandika haikupitika.
Labda uliogelea."
"Mbona hukusema?"
"Lile tairi lilikuwa bovu. Nikaona tumetoshana."

Usiku nikashika penseli na kifutio.
Kutoa ishirini na nne kwenye mwaka mmoja ni rahisi.
Lakini jumla kuu huvuka na mwaka,
na uongo ule ulikuwa umeshazaa:
kila Desemba, chini ya mstari wa mwisho,
nilimkuta mjukuu wake ameketi kimya.
Nikawafuta wote. Saa saba usiku, meza imejaa
vumbi la kifutio kama theluji iliyochafuka.

Dawa ya deni kulipa.
Leo upepo ni wa kusini-magharibi, nguvu ya tano,
usoni wakati wa kwenda na, kwa ukaidi wake,
usoni wakati wa kurudi.
Kimashine nimekiacha juu ya friji.
Nimetumia mita ya zamani ya gurudumu la mbele,
ile inayogeuza tarakimu zake polepole
kama mtu anayehesabu fedha asizozipenda.

Nimefika mlangoni. Ishirini na tatu nukta sita.
Kanisa lile pale.
Nimelitazama, limenitazama.
Nimeingiza baiskeli bandani.
Mita mia nne bado nadaiwa.