Daftari la Kisima

Kamati imenipa kalamu ya wino mwekundu
na stuli ya miguu miwili na tofali.
Tangu alfajiri niko hapa bombani Rwabyata,
nahesabu madumu.
Dumu moja, shilingi mia.
La njano, la njano,
la bluu lililozibwa ufa kwa sabuni,
la njano.

Zamani palikuwa shimo tu,
na kando ya shimo birika la udongo
ambalo wanaume walilikanda upya kila kiangazi.
Ndoo za mti zilipanda mkono kwa mkono,
na aliye chini kabisa, matope hadi kiunoni,
aliwaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja.
Zamu ilijulikana bila kuandikwa.
Ng'ombe wa mgeni alikunywa kwanza.
Wako anaijua njia ya nyumbani, alisema bibi yangu Keitesi,
huyu hajui kama mbele kuna maji.

Nikiwa na miaka saba nilichovya kisimani
sufuria yenye masizi.
Alinichapa kwa ufito, kisha akaketi, akalia yeye.
Kisima kina mwenyewe, akasema.
Huyo mwenyewe sikumwona.
Niliona masizi yakitanda juu ya maji
na watu thelathini nyuma yangu, kimya.

Lakini nisiseme uongo:
si kila mwiko ulikuwa maji safi.
Nilipovunja ungo niliambiwa nisimame mbali,
pale kwenye kichuguu, nichotewe kama mkosaji,
siku nne, kila mwezi,
na hakuna aliyenionyesha
masizi yangu yalikuwa wapi.
Mwiko huo nimeuacha ukauke.
Binti yangu haujui.

Mashine ilipokuja, fundi Arinda alituambia
jua litavuta maji, kadi itafungua bomba,
ugomvi basi.
Na kweli umepungua.
Kadi haina upendeleo. Macho pia haina.
Ntegyereize hulipa kabla ya tarehe,
mstari wake daftarini umenyooka kuliko wa mchungaji wa kanisa,
na juu kilimani mikaratusi yake mia tatu na kumi
inakunywa usiku kucha bila dumu.
Mwaka huu Arinda ameshusha bomba mara mbili.
Niliuliza mkutanoni: hiyo miti niiandike safu gani?
Watu wakacheka.
Mwenyekiti akatazama saa.
Tukafunga kwa sala.

Leo saa sita foleni imefika kwenye kichuguu.
Anatokea mwanamke kutoka upande wa Nakivale,
mtoto mgongoni, dumu la lita tano, kadi hana.
Kinyankole hakijui. Anasema nami kwa Kiswahili,
lugha iliyotufikia hapa kwa miguu, kama yeye:
Dada, sina kitu. Ni huyu mtoto tu.
Namuuliza jina.
Nabintu.

Watu wanaguna. Jua limekaza.
Mmoja anapaza sauti: sheria ni sheria!
Ndiyo, nasema moyoni. Ila ipi?

Natoa kadi yangu mwenyewe.
Bomba linakohoa, linatema hewa, linatii.
Anamnywesha mtoto kwa kiganja,
kisha ananawa vumbi la uso kwa matone yaliyobaki,
yale ambayo mtu mwingine angeyakung'uta.

Safu ya jina: Nabintu.
Safu ya malipo: mgeni hunywa kwanza.
Wino mwekundu haufutiki.

Mkaguzi anakuja Ijumaa, kijana wa Mbarara,
viatu vyeusi, kikokotoo mfukoni.
Ataniuliza maneno haya ni ya sheria namba ngapi.
Sijui nitamjibu nini.
Barabara ni ndefu na ina vumbi;
nitamtilia maji kwanza.