Faneli ya Buluu

Adriko alinichorea faneli kwenye kipande cha boksi,
mdomo mpana juu, tundu dogo chini.
"Wateja wanaingilia hapa," akasema, "pesa inatokea hapa."
Nikacheka. Faneli ninayo, shemeji,
ya plastiki, ya buluu, niliinunua soko kuu la Arua,
na tangu lini asali ikaharakishwa kwa mchoro?

Wanasema chema chajiuza.
Chema changu kilikaa kabatini miezi saba,
chupa arobaini na mbili zimeelekea ukuta
kama watoto walioadhibiwa.

Tukaanza na webina.
Alhamisi, saa mbili usiku. Waliojiandikisha sitini na mmoja,
waliokuja kumi na tisa, wanne kati yao ndugu zangu.
Nilivaa gauni la harusi ya Candiru,
nikaweka taa ya sola nyuma ya chupa
hadi asali ikawaka kama jicho la paka.
Bwana mmoja wa Mukono akauliza:
"Mbona hiyo imeganda? Umetia sukari?"
Sikubishana. Nikaitumbukiza chupa
kwenye sufuria ya maji ya moto, mbele yao,
tukasubiri, nikipiga soga za mizinga,
mpaka chembe zikalegea, zikawa uzi.
Kisha mtandao ukanigandisha mimi:
mdomo wazi, jicho moja nusu,
dakika sita nzima nikiwa picha ya msiba.
Niliporudi walibaki saba.
Lakini kabla sijalala simu ililia mara tano,
chupa tisa zimelipiwa,
zaidi ya nilizouza tangu Pasaka.

Alhamisi iliyofuata walikuja watatu.
Umeme nao haukuja kabisa.

Ndipo nikaingia podikasti,
naam, nikaingia, kwa maana nilirekodi ndani ya kabati lile lile,
blanketi kichwani, chupa magotini.
Hakuna gauni. Hakuna taa.
Nilisimulia kundi la nyuki lililohamia dari ya kanisa,
nilivyoumwa kope siku ya usaili wa kazi
na kazi nikaikosa,
mama mkwe asiyeonja asali na hasemi kwa nini.
Jogoo akiingilia, sikumkata.
Kipindi cha kwanza, wasikilizaji wanane.
Cha nne, kumi na mmoja.
"Na mauzo?" Adriko akauliza.
Nikajifanya nafunga vifuniko.
Sauti haionyeshi rangi.
Sikio halina mkono wa kutoa pesa.

Mwezi wa sita, alfajiri,
mwanamke akapiga hodi na dumu tupu la lita ishirini.
Kyomuhendo, muuguzi, ametoka Hoima,
zamu zake ni za usiku.
Hakunitazama usoni. Alitega sikio.
"Sema kitu," akasema.
"Karibu," nikasema.
"Ndiye," akajiambia, akaketi
kama mtu aliyefika kwa dada yake.
Hakuonja. Hakuuliza sukari.
Aliuliza: "Jogoo yuko wapi?"
Sikuwa na moyo wa kumwambia
tulimla Krismasi.

Sasa Adriko anataka nichague, kipi kinauza.
Daftari linasema webina, chupa kumi na moja.
Linasema podikasti, mteja mmoja,
na mchovya asali hachovyi mara moja:
Kyomuhendo amerudi mara tatu,
mara ya mwisho na dumu la jirani.
Bwana wa Mukono sijamsikia tena,
ingawa pesa yake ilinilipia bando
la kurekodia vile vipindi vya kabatini,
na hilo Adriko hakulichora popote.

Nikimimina, nyingi hushuka kwa pupa, chupa ikajaa.
Iliyobaki hushikamana na kuta za faneli
wala haisikii ombi.
Naiacha imeegama juu ya chupa nyingine, naenda kulala.
Asubuhi nakuta kidogo.
Siku nyingine, kidogo sana.

Alhamisi nina webina. Gauni liko kambani.
Jogoo mpya bado hajui lini anyamaze.