Ubao Mama

Reali elfu moja mia nane ndani ya bati la vifungo:
sketi mia na kumi za sare ya shule,
kila sketi mikunjo minane, nami mikunjo siipendi.
Iago alizihesabu mara mbili, akanyamaza,
akachukua orodha yake na kalamu.
Taa za rangi: akafuta.
Kioo cha ubavuni: akafuta.
Mstari wa tatu sikuuona. Aliufunika kwa kidole.

Kasha tulilipata bure, barabara ya Sergipe,
kwa mthibitishaji wa hati aliyefunga ofisi
akaacha mashine zake chini ya ngazi.
Tulipolifungua, Londrina nzima imo ndani:
vumbi letu jekundu, lile linaloingia hadi kwenye foronya,
limeganda kwenye feni kama kutu.
Nikalisugua kwa burashi ya cherehani,
nikapiga chafya hadi Dona Zuleide
akaniombea afya kutoka upande wa pili wa ukuta.

Kadi ya michoro alituuzia kijana nyuma ya kituo cha mafuta.
Akaapa haijawahi kuchimba sarafu za mtandaoni.
Kwa jinsi alivyoapa upesi, nikajua imechimba,
nikakata reali mia mbili kwa ajili ya kiapo.

Kisanduku cha umeme tu ndicho nilichokataa mtumba.
"Shangazi, hiki cha bei ya chini kinatosha."
Cherehani yangu ya kwanza iliungua kwa neno hilo, kinatosha.
Tukanunua kipya, na risiti nikaibana ukutani kwa pini.

Ijumaa usiku tukatandika shuka jeupe mezani.
Bisibisi yangu ndogo ikaingia kila tundu.
Yeye anataja, mimi nakaza:
hii prosesa, usiiguse miguu;
hii dawa ya joto, tone moja, punje ya choroko;
na huu, akasema, huu ni ubao mama,
vyote hivi vinachomekwa kwake.
Kisha akainamia kebo isiyo na kasoro yoyote,
akaikunjua, akaikunja, akaikunjua.

Mama yake yuko Hamamatsu, mwaka wa tatu sasa.
Kiwandani anapachika taa za magari,
kutwa mwanga unapita mikononi mwake unakwenda zake.
Kati yake na sisi ni saa kumi na mbili kamili:
kwetu saa mbili, kwake saa mbili.
Saa zimepatana. Jua ndilo limekataa.

Tukabonyeza. Kimya.
Tukabonyeza tena. Feni ikajigeuza
kama mtu aliyesumbuliwa usingizini, ikalala.
"Nimeiharibu," akasema, kwa ile sauti
inayomvunjikia tangu mwezi wa tatu.
Sikuwa na jibu. Mimi najua nguo.
Kwenye nguo, kifungo kinachofunguka ovyo
hakijaharibika, hakijashika tu.
Basi nikakandamiza kimoja kimoja kwa dole gumba,
na nilipofika kwenye kumbukumbu
ikalia: ta!
Haikuwa imekaa mahali pake.

Skrini ikawaka buluu, uso wa mtoto ukawa buluu,
na mimi, mtu mzima, nikapiga makofi peke yangu.

Jumamosi, saa mbili usiku.
Kwake Jumapili imeshafika, hana zamu.
Ameazima kompyuta ya mwenzake wa chumbani
na anakufa kila baada ya dakika mbili.
"Mama, simama nyuma yangu.
Nyuma, Mama. Hapo ni mbele."
Simu ameiegemeza kwenye kikombe changu cha mikasi
ili sauti ifike,
ndipo nikaujua ule mstari wa tatu:
kipaza sauti.

Jana nimeanza sketi nyingine.
Skrubu moja ilibaki juu ya shuka, hatujui ni ya wapi.
Nimeitia ndani ya bati
pamoja na reali arobaini za kwanza.