Jina la Mwenye Mfuko

Jumanne ya kwanza, kliniki ya Mahuta,
nesi alisema kila mtoto na mfuko wake wa kupimia.
Nami nilikuja na kadi, na khanga, na Nasma mgongoni.
Kwetu Manyoni mfuko ulikuwa mali ya zahanati,
umepauka kwa mikojo ya vijiji vitatu.
Benchi zima likacheka kwa Kimakonde.
Nikainama, nikamfunga Nasma kofia
iliyokuwa imefungwa tayari.

Mmoja akanirushia kaptula ya kitenge, mikanda miwili,
ina joto bado la makalio ya mwanawe.
"Mtie humo," akasema. "Kilo hazigombani."

Nasma akaning'inia mzanini,
saba na robo,
akakojoa.

Niliifua mara mbili, na maji ya kununua,
mwezi wa saba, ukungu haupishi jua hadi saa nne.
Nikaianikia ndani kwa haya.
Nikairudisha na kikombe cha karanga,
maana mama alinifunza: chombo cha watu
hakirudi na njaa.
Siku ya tatu bakuli likaja na ming'oko ya moto.
Sikujua inaliwaje, nikaitafuna na maganda.
Akacheka tena. Safari hii kwa Kiswahili.

Basi ndivyo ilivyoanza, kwa mkojo na maganda.
Mimi humwita Mama Shazili, yeye huniita Mama Nasma,
na kati ya majina hayo mawili tukapitisha
chumvi, panadoli, kiberiti, siri ya deni la mumewe,
rangi ya choo cha mtoto anayeota meno,
ndoo ya maji ya mkopo (tatu, nimelipa mbili).
"Hawa tutawaozesha," alikuwa akisema,
wao wakinyang'anyana kisahani kwenye mkeka.

Tukagombana pia.
Shazili alimng'ata wangu shavuni, nami nikasema neno
ambalo mtu hasemi kuhusu malezi ya mwenzake.
Siku kumi na moja.
Nikipita, yeye anapepeta. Hana kitu kwenye ungo, anapepeta.
Watoto hawakuambiwa kuna vita;
walipanua tundu kwenye ua wa mabua
mpaka nami nikapita.

Halafu msimu wa korosho. Mume wangu karani,
analala ghalani na magunia na madaftari.
Usiku homa ikanishika, nikagonga ukuta kwa mwiko.
Nakumbuka pikipiki. Nakumbuka mkono
ukinishika kiunoni nisianguke, na Nasma analia
mahali fulani mbali, kisha halii.

"Ndugu yako wa karibu?" mganga ameshika kalamu.
"Mama Shazili."
"Hilo la mtoto. Lake yeye?"

Najua ana kovu la mafuta chini ya kiwiko.
Najua hulala upande wa mlango,
kwamba anaogopa konokono,
kwamba mimba ya pili ilitoka na hakumwambia mtu
ila mimi, na mimi nilikuwa nachambua mchicha.
Miezi kumi na sita.
Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Akaitwa kutoka barazani, akaingia
na watoto wawili kifuani, mmoja kila upande.
"Unaitwa nani?"
"Siajabu."
Mganga akasubiri. Akadhani bado hajajibiwa.
"Ndilo jina. Siajabu Nandonde. Andika."

Kisha akanitazama, akamtazama Nasma
aliyekuwa amelala na tone la maziwa kidevuni.
"Ile posa imekufa," akasema.
"Nimemnyonyesha. Sasa ni ndugu hawa,
utatafuta mkwe mwingine."

Nilitaka kucheka, midomo imekauka.
Mganga alikuwa bado anaandika,
taratibu, herufi moja moja,
kwenye mstari wa ndugu.