Uzito wa Ziada

Trela la kwanza lilizidi kwa kilo sitini na mbili.
La pili, sitini na mbili.
Kisha jukwaa likawa tupu, dereva ameshuka kununua mandazi,
na sindano ikapanda taratibu
kama mtu anayepanda ngazi gizani,
ikasimama pale pale.

Nilipuliza vumbi kwenye kioo. Nikagonga kwa ufunguo.
Nikaandika daftarini: mizani inahitaji fundi.

Fundi alitoka Kisumu na sanduku la mawe ya shaba,
akapima, akafuta jasho, akasema haina kosa.
Akauliza, ni nani huyo amesimama nyuma yako?
Hakungoja chai wala malipo.

Kasiro ni mji mdogo chini ya milima ya Nandi:
reli, kiwanda, kanisa, na harufu ya molasi
inayolala nasi kwenye mito.
Hapa kila mtu anajua jirani amekula nini.
Hapa kila mtu husema Elkana Radido alikwenda Uganda.

Alikuwa karani wa mizani kabla yangu.
Hakunywa, hakukopa, alivaa soksi hata Machi.
Ndiye aliyejipenyeza chini ya jukwaa na tochi
akaikuta kabari ya mvule iliyokuwa ikila
kilo hamsini katika kila tani ya mkulima,
miaka kumi na minne.
Akaandika yote. Akasema atasoma Jumapili, baada ya matangazo.

Ijumaa usiku shamba namba tisa lilichomwa.
Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, si ajabu.
Ajabu ni wanaume thelathini kulizunguka na mapanga
na asikate mtu hata muwa mmoja hadi alfajiri.
Ajabu ni wanawake kuanua nguo
kabla masizi hayajaanza kuanguka.
Nani aliwaambia?

Krismasi ile kila nyumba ilipata sukari kilo mbili.
Kanisa likapata mabati mapya; mvua ikanyesha,
hatukusikia mahubiri.
Mimi nikapata ufunguo.
Kadi yake ya ajira iko bado kwenye droo yangu:
urefu, kabila, uzito.
Pale kwenye uzito nimeweka kidole. Sikiondoi.

Sasa iko sokoni. Okal mchinjaji aliweka robo ya maini,
sinia likagonga meza kwa kishindo.
Iko kwenye kinu cha unga. Iko posta.
Jumanne, kliniki, Sista Nereah alimning'iniza
mtoto wa wiki sita kwenye ndoano,
na boriti ikalia.
Mtoto hakulia. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja
kama karani anayehesabu magunia,
na pumzi yake ilinuka majani ya miwa yaliyoungua.
Mama alipompakata, alikuwa mwepesi tena.
Walifunika nyuso za watoto wao, wakaenda.

Nilitaka kuungama kwa shairi. Mwalimu Atetwe
alitufunza: kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane,
ukizidisha umeharibu. Nikawasha taa:

  Radido sikukugusa, nilishika kiberiti,
  aliyewasha Barasa, nikaogopa umati,
  nimekesha hadi sasa, ninasikia sauti,
  nisamehe, hapo hapo ulipo usigeuke, kalamu ni yangu na kiti unachokalia nilikikalia

Mshororo wa mwisho sikuuandika mimi.

Alfajiri nimevua viatu, nimepanda jukwaani peke yangu.
Mimi ni mtu wa kilo themanini na tano;
daktari wa kiwanda hunigombeza kila mwaka.
Sindano imesema sitini na mbili.

Nimeshuka. Sitini na mbili.
Nimepanda tena, nimerukaruka kama mtoto.
Haikutikisika hata unywele.

Trekta la kwanza limefika. Dereva anachungulia dirishani,
macho yake yananipita kama yanavyopita kioo,
anavua kofia.
"Umeamkaje, karani," anasema,
kwa aliye nyuma yangu.