Maji ya Bomba

Ni kosa la sekunde tatu tu:
lenzi ilidondoka kwenye sinki la wafanyakazi,
zamu ya usiku, kengele ya chumba cha tisa inalia,
nikaisuuza kwa maji ya bomba
nikairudisha jichoni, nikakimbia.

Siku ya tatu jicho likaamka kabla yangu.
Jekundu, zito, kope zimegandana
kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa.
Taa ya mtaani, hapa Hull, ambayo siku zote ni hafifu,
ikaniingia kama pilipili.

Dada yangu Mwanakombo akasema simuni:
"La kushoto? Linacheza? Basi una mgeni."
Halichezi, dada. Linauma.
Na mgeni nimfikiriaye ni mdudu
asiyeonekana, aliyekuja amevaa maji,
anayekula kioo cha jicho taratibu,
mchwa kwenye boriti: nje nzima, ndani unga.

Nimesoma mno. Saa nane za usiku nimesoma,
kwa jicho moja, habari za jicho jingine.

Mfamasia, Bwana Ollerton, aliniuliza maswali matatu;
la tatu likamfuta tabasamu.
"Lenzi? Maji ya bomba?"
Akairudisha dawa rafuni.
"Hii sikuuzii. Nenda hospitali. Leo."
Sikuwahi kuogopa duka kukataa pesa yangu.

Nikaenda kazini kwanza. Ndiyo, mjinga;
zamu ikikatwa, kodi haikatwi.
Bi Audrey, asiyeona huu mwaka wa arobaini,
alinisikiliza nikimsomea gazeti
akanyanyua mkono.
"Leo unaruka mistari, Riziki. Jicho gani?"
Nikamwambia. Hakunipoza, hakunitisha.
Akasema lake lilianza na kitu kidogo
na haya ya kuwasumbua watu.
"Vaa koti," akasema. "Gazeti halitaoza."

Kidevu hapa. Paji hapa. Usipepese.
Tone la rangi ya chungwa, kisha mwanga wa buluu,
na daktari kijana, pumzi yake ina peremende,
akachungulia dirishani mwangu bila hodi.
Akanyamaza. Akanyamaza tena.
Kwetu husemwa, akipenda, chongo huita kengeza;
mimi nilikuwa tayari kupenda chochote,
nikiite vumbi, nikiite mchubuko, nikiite usingizi,
mradi kisiwe na lile jina refu.

Hakulitaja.
Hakulikana pia.
Akakwangua kidogo, akafunga kichupa,
akasema, "Ijumaa."

Leo Jumatano. Matone kila saa, hata usiku wa manane,
saa ya simu inalia, natia, nalala ukingoni.
Kukicha nafumba la kulia
nahesabu matofali ya dohani ya nyumba ya pili.
Jana yalikuwa kumi na saba.
Leo kumi na sita, na moja
ambalo sijui ni tofali au ni njiwa.

Nangoja liruke.